Nguruwe Alishwe Mara Ngapi?

(Mazungumzo haya yalisikika redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)



Kwanza naomba radhi kwa wale ambao mazungumzo ya leo hayawahusu kwa sababu ya imani zao. Leo nazungumzia nguruwe. Sina nia ya kumkera mtu, na mwenye kutaka kupunguza sauti ya redio kwa robo saa hii nitamwelewa. Lakini Dar es Salaam hii tunaijua sote. Ukitoka Kimara mpaka Kibamba, ukazunguka Goba, ukavuka kwenda Kitunda, Pugu na Chanika, utakuta mabanda ya nguruwe nyuma ya nyumba za watu, na jioni sauti ya kitimoto kikilia kwenye karai haifichiki. Wanaokula ni wengi, na wanaofuga ni wengi kuliko wanavyokiri. Miongoni mwa wanaofuga, wengi ni akina mama.

Mmoja wao ameniletea ujumbe. Nimeusoma mara tatu, kisha nikaona hauwezi kujibiwa kwa mstari mmoja. Anasema hivi, nami nafupisha: "Kaka mtangazaji, shikamoo. Nina nguruwe sita, nimewanunua kwa mkopo wa kikundi chetu. Mimi ni mfanya usafi katika ofisi mjini. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Kwa hiyo nawalisha mara moja, usiku nikirudi, nawajazia hori mpaka juu. Jirani yangu ana nguruwe wa umri mmoja na wangu, tulinunua kwa mtu mmoja siku moja. Yeye analisha mara tatu. Wake wamewapita wangu waziwazi. Mtaalamu mmoja aliyepita hapa ameniambia bila kulisha mara tatu nguruwe hakui na nyama yake haifai. Mume wangu anasema basi niache kazi nikae na nguruwe. Kaka, je, niache kazi?"

Ndugu wasikilizaji, hilo ndilo swali. Tunaweza kulitamka kitaalamu, kwamba idadi ya milo kwa siku inaathiri vipi ukuaji wa nguruwe na ubora wa nyama yake, lakini kwa mama huyu swali ni mshahara. Mtu akiambiwa aache mshahara kwa sababu ya hori, inafaa aliyemwambia awe na hakika na anachokisema.

Nilikwenda kuwaona hao nguruwe, wa mama huyu na wa jirani yake. Ni kweli wa jirani wamewapita wenzao. Mimi si bwana mifugo; nina stashahada ya uandishi wa habari na miaka kadhaa ya kufuga nguruwe wangu mwenyewe kwa hasara na faida. Lakini kazi ya mwandishi ni kuuliza, basi niliuliza. Nilimwuliza jirani: kila mlo unatoa kiasi gani? Akanionyesha ndoo. Ndoo moja asubuhi, ndoo moja mchana, ndoo moja jioni. Nikamwuliza mama wa barua: na wewe unajaza hori kwa ndoo ngapi? Akasema ndoo mbili, hori haliwezi kuchukua zaidi.

Basi hapo tayari mnaona. Yule wa mara tatu anatoa ndoo tatu, na yule wa mara moja anatoa ndoo mbili. Tunabishana kuhusu idadi ya milo, kumbe tofauti ya kwanza ni ndoo nzima ya chakula kila siku. Na hata hizo ndoo mbili hazikuwa zinaingia tumboni zote. Chakula kingi kikimwagwa mara moja, nguruwe hula wakashiba, wakaingia na miguu horini, wakakichafua. Kinachobaki kinakaa usiku kucha. Katika joto letu chakula kilicholowekwa kinachachuka upesi. Alfajiri wanaamka kunguru. Msikilizaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa habari za kunguru. Nguruwe sita wa mama huyu walikuwa wakilisha na kundi la kunguru wa mtaa mzima, na panya wa usiku juu yake.

Kuna jambo jingine ambalo ndoo haikuonyesha. Katika banda la mama mmoja wa wale sita alikuwa mdogo kupita wote, mgongo umechongoka. Hori lake ni fupi. Wanne wakisimama, wawili hawana pa kuweka pua. Nguruwe wana wakubwa na wadogo kwao, kama watu. Mnyonge hungoja, na zamu yake inapofika anakuta matope. Ukilisha mara moja kwa siku, mnyonge akikosa zamu hiyo amekosa siku nzima. Ukilisha mara mbili, ana nafasi ya pili. Ukirefusha hori ili wote sita wasimame pamoja, umemsaidia kuliko hata ukimlisha mara tano kwenye hori fupi.

Sasa tuache ndoo, twende kwenye mwili wa mnyama mwenyewe.

Nguruwe ana tumbo moja, kama sisi. Hana matumbo manne kama ng'ombe, ambaye hula haraka kisha akalala kivulini akicheua. Tumbo la nguruwe mkubwa huchukua lita 6 hadi 8 hivi. Kwa asili yake ni mlaji wa kidogo kidogo. Akiwa mchanga hunyonya takriban kila saa moja, usiku na mchana, na maziwa ya mama yake kila mara hutoka kwa sekunde 20 hivi tu, basi. Ndiyo maana kelele za watoto wa nguruwe haziishi. Akikua, ukimwachia chakula mbele yake muda wote, hula milo midogo 8 hadi 12 kwa siku, zaidi asubuhi na alasiri. Jua likiwa kali huacha kula, kwa sababu hatoi jasho la kumpoza kama binadamu, na kazi ya kumeng'enya chakula huzidisha joto mwilini. Anasogeza milo yake kwenye saa za ubaridi.

Ukiyasikia hayo utasema basi mtaalamu yule alisema kweli: nguruwe anataka milo mingi, tumpe milo mingi. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini majaribio ya Ulaya na Marekani hayakwenda njia moja. Yapo ambayo nguruwe wa milo mingi walikua upesi zaidi. Yapo ambayo hapakuwa na tofauti ya maana. Na yapo ambayo waliolishwa mara mbili tu kwa siku walitumia chakula chao vizuri kuliko wale wa milo mingi. Msomaji wa juujuu atasema wataalamu wamechanganyikiwa. Hawajachanganyikiwa. Walikuwa wanauliza maswali tofauti. Mmoja aliwapa nguruwe wote kiasi kilekile kwa kipimo, akakigawa mara moja au mara sita. Mwingine aliwaachia wale hadi washibe, lakini kwa saa chache tu. Mwingine alimweka kila nguruwe peke yake, asiye na wa kugombana naye, na mwingine aliwaweka kumi katika chumba kimoja. Majibu yatafanana vipi?

Kitu kimoja kinajitokeza. Kiasi kikiwa kilekile, na chakula kikiwa kimekamilika, na kila mnyama akipata fungu lake, tofauti kati ya milo miwili na milo mitatu au zaidi ni ndogo. Mwili wa nguruwe unajua kuweka akiba. Akila mlo mkubwa, sukari inapanda katika damu, mwili unaiweka akiba kwenye ini, kwenye misuli na kwenye mafuta. Akikaa saa nyingi bila kula, anaitoa akiba hiyo taratibu.

Lakini ipo akiba moja ambayo mwili hauwezi kuiweka, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ni akiba ya protini. Protini ya chakula huvunjwa tumboni ikawa vijenzi vidogo vinavyoitwa asidi amino, na kutokana na hivyo mwili hujenga nyama. Kimojawapo kinaitwa lisini. Nguruwe hawezi kujitengenezea lisini, na katika chakula cha mahindi na pumba ndiyo hupungua kwanza. Ndiyo maana viwandani hutengenezwa lisini ya unga, inayochanganywa na chakula. Sasa mwaka 1974 mtafiti wa Australia, E. S. Batterham, alitoa matokeo ya kazi yake juu ya jambo hilihili tunalolizungumza. Aliona kwamba nguruwe wanaolishwa mara moja kwa siku hawanufaiki na lisini ya unga kama wanavyonufaika wale waliopewa chakula hichohicho kwa milo mingi. Sababu ni nini? Lisini ya unga haihitaji kuvunjwa; inaingia kwenye damu upesi, inafika kabla ya wenzake. Ile ya kwenye soya au dagaa bado inameng'enywa. Ni kama fundi wa kupaka rangi aliyefika kiwanjani kabla ya waashi hawajajenga ukuta. Mwili hauna ghala la kumsubirisha. Unamchoma kama kuni na takataka zake zinatoka kwa mkojo. Milo ikiwa mingi, wa mlo wa asubuhi anawakuta wenzake wa mlo uliopita, na kazi inaendelea.

Kwa hiyo mwenye kununua chakula cha kiwandani chenye lisini ya unga, au mwenye kuchanganya mwenyewe, akilisha mara moja kwa siku anatupa sehemu ya fedha yake. Huyo aongeze milo. Mama wetu hanunui lisini ya unga. Analisha pumba za mahindi, mashudu ya alizeti kidogo na dagaa anapopata. Kosa lake lilikuwa jingine lakini la ukoo uleule: dagaa anawapa Jumamosi na Jumapili, akiwa nyumbani, kama kitoweo cha sikukuu, na siku za kazi anatoa pumba tupu. Hiyo dagaa ya Jumapili haingoji pumba ya Jumatano. Ni heri kiasi hichohicho cha dagaa kigawanywe siku saba, kichanganywe na pumba katika kila mlo, kuliko karamu ya siku mbili.

Nitaje pia vidonda vya tumbo, maana wengi hawaamini kwamba nguruwe naye huugua vidonda. Anaugua. Chakula kilichosagwa laini mno kama unga wa ugali, pamoja na kukaa na njaa muda mrefu au kulishwa leo saa hizi kesho saa zile, humharibu sehemu ya juu ya tumbo. Anaacha kula, anapauka, kinyesi kinakuwa cheusi, na wengine hufa ghafla. Kinachomkinga hapa ni utaratibu wa saa. Ukisema saa kumi na moja alfajiri, iwe saa kumi na moja alfajiri hata siku ya harusi ya binti yako.

Na maji. Nilikuta ndoo ya maji ya mama ikiwa tupu, na ilikuwa saa nane mchana. Nguruwe anayelishwa chakula kikavu huhitaji maji mara mbili hadi tatu ya uzito wa chakula chenyewe, na zaidi wakati wa joto. Akikosa maji anaacha kula, hata umwekee karamu. Maji hayana mara ngapi. Yawepo muda wote.

Tuje kwenye nyama, kwa kuwa mtaalamu yule alisema bila milo mitatu nyama haifai.

Mlaji wa mjini anapolalamika kwamba nyama haifai, mara nyingi analalamikia mambo mawili: mafuta mengi, au nyama kutoa maji ikanywea kwenye karai. Mambo haya hayana asili moja.

Mafuta yanatokana zaidi na kiasi kuliko mara ngapi. Nguruwe ana kikomo cha kujenga nyama kwa siku. Chakula kinachozidi kikomo hicho kinakwenda mgongoni kuwa mafuta, na kikomo chenyewe huwahi kufikiwa kwa dume aliyehasiwa kuliko kwa jike. Ndiyo sababu wafugaji wengi wa Ulaya huwaachia nguruwe wadogo wale watakavyo, kisha wakifika kilo 60 hivi huwabania kidogo. Wanakua polepole zaidi, lakini mafuta ya mgongo yanakuwa membamba. Ukibana sana napo nyama inakuwa kavu, kwa kuwa mafuta yale membamba yaliyomo ndani ya msuli ndiyo huipa ulaini na ladha. Wachoma nyama wa kwetu hawataki nyama isiyo na mafuta kabisa. Ile ya kukaanga hujikaanga kwa mafuta yake. Katika mabucha mengi ninayoyajua, kilo ni kilo, hakuna anayempima mtu unene wa mafuta ya mgongo. Kwa hiyo kwa mfugaji wa Dar es Salaam hasara kubwa ya mafuta iko kwenye chakula: kilo moja ya mafuta inagharimu chakula kingi kuliko kilo moja ya nyama.

Kuna na aina ya mafuta. Nguruwe huweka mafuta yanayofanana na yale aliyokula. Mwenye kulisha mashudu mengi ya alizeti yenye mafuta atapata mafuta laini ya kuteleza, yasiyoganda vizuri. Mwenye kulisha dagaa na vichwa vya samaki hadi siku ya mwisho atauza nyama yenye harufu ya soko la feri. Dagaa waachwe majuma machache kabla ya kuchinja. Hapo hata ulishe mara kumi kwa siku, harufu haiondoki.

Jambo la pili, la nyama kutoa maji, ndipo mlo unapohesabika kweli, na ni mlo mmoja tu: wa mwisho.

Hapa nitajitaja mwenyewe. Mwaka 2008 nilikuwa na nguruwe wanne wa kuuza, na mnunuzi alikubali kulipa kwa uzito wa mnyama akiwa hai. Nikajiona mjanja. Usiku wa manane niliamka nikawapikia uji mzito wa pumba, nikawajaza mpaka wakalala chali. Saa tisa usiku gari dogo likaja. Njiani mmoja alitapika, akahema, akafa kabla hatujafika. Wa pili alipopasuliwa, utumbo uliojaa ulikatika kwa kisu, ukamwagikia nyama, na mkaguzi akaitupa sehemu kubwa, na alikuwa na haki. Mnunuzi alipoona hivyo akasema atalipa kwa nyama iliyotundikwa, siyo kwa mnyama mzima. Uji wangu wa usiku ulikuwa kwenye shimo la taka za machinjio, na mimi nilirudi nyumbani na fedha za nguruwe wawili na kidogo.

Baadaye ndipo nikaelezwa. Chakula cha saa kumi za mwisho hakipati muda wa kugeuka nyama. Kinabaki tumboni na matumboni, na tumbo lililojaa linambana mnyama kifua wakati wa safari na joto. Kanuni inayokubalika kwa wengi ni kwamba kutoka mlo wa mwisho hadi kisu zipite saa 12 hadi 18, maji yakiwepo muda wote.

Kwa nini zisiwe 30? Hapa nitaeleza kidogo, kwa maana ni jambo la kupendeza. Ndani ya msuli wa mnyama hai kuna sukari ya akiba. Akishachinjwa, sukari ile inageuka asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoitengeneza nyama: inaipa rangi nzuri na inazuia vijidudu visiivamie upesi. Wanaopima kwa kipimo cha pH huona msuli ukishuka kutoka 7 hivi hadi 5.5 au 5.7 kwa muda wa siku moja, taratibu. Sasa mnyama aliyeshindishwa njaa muda mrefu, au aliyepigana usiku kucha na wageni waliochanganywa naye, amemaliza ile akiba. Asidi haitoshi. Nyama inakuwa nyeusi, ngumu, yenye kunatanata, na inaoza mapema. Kinyume chake ni mnyama anayekimbizwa, kupigwa na kufungwa kamba akaning'inizwa nyuma ya pikipiki mpaka mlangoni pa machinjio, kisha akachinjwa palepale akiwa anahema. Huyo sukari yake inageuka asidi ghafla wakati nyama bado ina moto. Nyama inapauka, inalegea, inatoa maji. Ukinunua kilo unakaanga nusu, na muuzaji anakuapia hajaongeza maji. Anasema kweli. Maji yaliongezwa na fimbo ya njiani.

Kwa hiyo kwa siku hiyo moja mama wetu abadili saa zake. Machinjio anayopeleka huchinja saa kumi alfajiri. Akilisha kama kawaida saa mbili usiku, zitapita saa nane tu, ni chache. Akiruka mlo huo, kutoka saa kumi na moja alfajiri ya jana zitakuwa saa 23, ni nyingi. Nimemshauri siku hiyo mwanawe akitoka shule awape mlo mdogo saa tisa alasiri, kisha basi, maji tu. Hapo zinakuwa saa 13.

Sasa swali lake: aache kazi? Mama, usiache. Ulishe mara mbili. Saa kumi na moja alfajiri kabla hujatoka, na saa mbili usiku ukirudi. Saa zote mbili ni za ubaridi, na nguruwe wenyewe wangechagua hizo. Ile ndoo ya tatu iongeze, uigawe. Wakimaliza upesi mno, ongeza kidogo. Wakibakiza, punguza, ili kunguru wakatafute riziki kwingine. Refusha hori, mume wako aliyesema uache kazi nadhani anaweza kupata mbao na misumari. Mchana mtoto akirudi shule ajaze maji na kuwatupia majani ya viazi.

Nililazimika pia kumwonya juu ya makombo ya hotelini, kwa kuwa alikuwa akifikiria kuyachukua ofisini kwao ili aongeze mlo. Makombo yana mabaki ya nyama ndani yake. Mwaka 2010 homa ya nguruwe ya Afrika iliingia Kyela, na mwaka 2011 ilikuwa imefika Dar es Salaam; mabanda yaliyojaa Jumatatu yalikuwa matupu ndani ya juma. Chanjo hapa kwetu hakuna, tiba hakuna. Makombo yachemshwe yatokote nusu saa nzima, yapoe, ndipo yatolewe. Asiyekuwa na kuni za kuchemshia asiyachukue.

Na ili asibaki kutazama nguruwe wa jirani kwa jicho la wivu, nilimwachia futi ya fundi cherehani. Anazungusha futi kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, kisha anapima urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, yote kwa mita. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, mara 69.3, anapata kilo kwa makadirio. Mzunguko wa mita 1 na urefu wa mita 1 ni kilo 69 na kidogo. Mzunguko wa mita 1.10 na urefu wa mita 1.05 ni kilo 88. Apime kila Jumapili, aandike kwenye daftari la mtoto. Yule mnyonge mwenye mgongo uliochongoka apimwe wa kwanza, maana yeye ndiye atakayetuambia kama hori jipya linatosha.

Amesema atapima kwa majuma manane, kisha mkopo wa kikundi utakuwa umefika siku yake. Daftari likija nitawasomea, likiwa na habari njema au likiwa na habari mbaya. Kwa leo muda wangu umekwisha. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.